Kutu

Bahasha hufunguliwa Jumatatu ya kwanza
katika chumba cha chini cha kanisa, hapa Gimli,
ambako bomba la joto hukohoa kama mtu anayetaka kusema.
Mara hii zamu ilikuwa ya Halldora.
Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena, akasoma:
Kutu.
Wiki sita. Inchi kumi na mbili kwa kumi na mbili.
Tabaka tatu, na mishono ipite zote.
Mengine, alisema, ni baina yako na sindano yako.

Vigdis tayari alikuwa na lori zee kichwani.
Ingunn aliuliza kama rangi ya chungwa itatosha.
Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu misumari.

Maana Ketill aliniachia makopo kumi na moja gereji,
makopo ya kahawa, kila moja na lebo yake
kwa mwandiko ule wa mtoto aliyeogopa mwalimu:
Nusu inchi. Inchi mbili. Bado mizuri.
Na la mwisho, zito kuliko yote:
Imepinda, itanyooshwa.

Haikunyooshwa.

Nilichukua shuka letu, la upande wake,
nikalilowesha siki, nikailaza misumari juu yake
mmoja mmoja, jinsi ilivyopinda,
nikakunja, nikafunga kwa plastiki, nikaweka kando ya tanuri.
Nje, ziwa lilikuwa limegeuka barabara,
malori yanapita juu yake na taa zao mchana.
Siku ya nne nilifungua.
Harufu ya siki na ya mikono yake Jumamosi.
Kila msumari ulikuwa umeacha mwili wake pale,
hudhurungi, rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Nikapiga bandi, nikapangua. Nikapanga upya.
Wiki ya nne nililala na mafua,
na ndivyo wiki sita zinavyokuwa tatu na nusu.

Usiku wa mwisho, saa saba, subana kidoleni,
nilifika penye msumari mkubwa kuliko yote
na kitambaa kikaachia.
Sisemi kilichanika. Kilikubali tu, kama mkate mkavu.
Tundu, upana wa sarafu ndogo.
Nilikuwa nimesahau kusuuza kwa magadi.
Nilipolala, kutu haikulala;
siku zote zile ilikuwa ikila, kimya,
ndani ya kikapu changu cha nyuzi.
Kikulacho, basi, ki nguoni kweli.

Ningeweza kulifunika.
Nina viraka vya kutosha kuifunika Manitoba.
Nikatunga uzi mweupe badala yake
nikaanza kulizunguka tundu, duara baada ya duara,
mishono midogo, kama mtu anayejenga ua kando ya kisima
ili watoto wa jirani wasitumbukie.
Pamba ya ndani ilichungulia. Nikaiacha ichungulie.

Asubuhi tulibandika ukutani kwa pini.
Lori la Vigdis lilikuwa na vifungo kwa taa.
Wa Ingunn haukuisha: sindano bado inaning'inia kwenye pindo.
Halldora aliangalia saa, kisha sindano.
"Ni chuma," alisema. "Imo ndani ya mada."
Tulicheka hadi kasisi akachungulia ngazini.

Penye wangu walisimama muda.
"Kwa nini umeutoboa?" Vigdis aliuliza.
"Sikuutoboa mimi."
Halldora alisogea, akanusa, akajua.
"Hilo litaendelea kukua, Sigurlaug."
"Najua."
"Magadi kijiko kimoja, maji ya uvuguvugu."
"Najua, Halldora."

Mada inayofuata ni Asali. Ingunn amekwisha anza kuguna.

Mfarishi wangu nimeutundika gereji, juu ya makopo.
Magadi yapo jikoni, kwenye rafu ya pili.
Mwezi wa pili kidole cha mwisho kiliingia kwa taabu.
Jana kilipita kidole gumba.